Ndama wa mtoto ambaye hatukumzaa: mimi AS, mke wangu AS

Wakuu, salamu kutoka milima ya Masisi. Ukungu wa leo umeshuka mpaka dirishani, ng'ombe wa jirani nawasikia tu, siwaoni.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, ila kuandika ni mara yangu ya kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza jibini, sisi huku tunasema fromaje. Ukishatia dawa ya kugandisha kwenye maziwa, unakaa unasubiri, hata sufuria huruhusiwi kuigusa. Hizo ndizo saa zangu za kusoma nyuzi zenu. Nimesoma za ndoa zenu, za viwanja vyenu, za mabosi wenu. Leo ni zamu yangu.

Kiswahili cha kuandika nimekiokota humu humu, kwa hiyo nikichapia mjilaumu wenyewe. Nyumbani tunaongea cha kwetu, na watu wangu nitawaacha waongee hivyo hivyo: 'ao' ni au, 'ju' ni kwa sababu, 'njo' ni ndiyo.

Ninayoyasema yametokea. Sitaongeza chumvi, maana nashika chumvi kila siku na najua ikizidi inavyoharibu. Nimebadilisha majina tu, na mke wangu ameusoma uzi huu kabla yenu.

Mke wangu mwiteni Furaha.

Mimi ni wa Nyabiondo, kwetu ni wakulima wa maharage na mihogo. Furaha ni wa Karuba, kwao ni wafugaji. Kati ya kwetu na kwao ni karibu siku nzima ya pikipiki kama mvua imenyesha, na kwetu mvua hainaga likizo.

Tulikutana Mushaki. Mimi nilikuwa najifunza kazi kwenye chumba cha fromaje cha mtu mwingine, yeye alikuwa analeta maziwa ya kwao asubuhi. Siku moja namimina maziwa yake, nikaduwaa natazama kilima kinavyotoka kwenye ukungu. Maziwa yakajaa, yakafurika, yakanilowesha viatu.

Akasema, "Kaka, uko hapa ao ulishaenda?"

Nilimpenda hapo hapo. Mpaka leo hilo ndilo swali lake kwangu, na mara nyingi jibu ni kwamba nilishaenda.

Siku ya kuongea mahari, baba yake alinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Huyu tunamuita Papa Furaha, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni mzee wa ng'ombe hasa. Ukimuonyesha ng'ombe wake yeyote anakutajia mama yake, na mama wa mama yake, anarudi nyuma mpaka wewe unachoka kusimama.

Aliwaambia ndugu zake mbele yangu, "Ng'ombe tunaziletea dume ya mbali, ju damu ya karibu inachoka. Huyu kijana iko wa mbali. Ni muzuri."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nilijiona dume la mbegu kweli.

Wakuu, kosa letu lote lilianzia kwenye kicheko kile. Sisi huku tukishajua kwamba kijana anatoka kilima cha mbali, tunaona mambo ya damu yameisha. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wao hawakuuliza kama kwetu kuna watoto waliokufa, na sisi hatukuuliza kwao. Kwanza watoto waliokufa hawatajwi. Ukiwataja ni kama unawaita.

Sasa kuna desturi moja lazima niieleze, bila hiyo hamtanielewa huko mbele.

Mahari yetu ni ng'ombe. Wale ng'ombe wakizaa, baba wa binti anachagua ndama jike mmoja mzuri, anamtenga. Binti akipata mtoto wa kwanza, yule ndama anapelekwa kwake kwa nyimbo, ili mtoto asikose maziwa. Anayempeleka anasimama uani na kutaja mama zake wote.

Papa Furaha alimtenga ndama wetu mapema sana. Wa kahawia ya kung'aa, jina lake Gaju. Mwaka ule tulipokimbia vita, watu wote wa Karuba wakibeba magodoro, mzee alibeba kamba tu na mwisho wa kamba ni Gaju. Mama mkwe alimlaumu kwa lile godoro miezi mingi.

Kwa hiyo kila tukienda kusalimia, tulikuwa tunamkuta ndama wa mtoto wetu, anakula majani, anakua. Mtoto mwenyewe hajafika.

Tulirudi kutoka kukimbia, tukaanza kazi yetu wenyewe, chumba kimoja cha mbao juu ya Mushaki, rafu, sufuria mbili. Tukasema sasa ndiyo wakati wa kuzaa.

Jumapili moja baada ya misa, muuguzi mmoja alisimama kutufundisha. Kwetu wanaume wanakaa benchi za kulia, wanawake za kushoto. Yule dada akaanza kueleza ugonjwa wa damu ambao ninyi mnauita selimundu ao sikoseli, sisi tunausikia kwa jina la SS. Mtoto macho yanakuwa ya njano. Vidole vinavimba akiwa bado mdogo. Baridi ikija, mifupa inamuuma mpaka hataki kuguswa. Damu inapungua.

Mimi nilimuona Neema, dada yangu mdogo, pale pale mbele ya altare. Alikufa na miaka tisa. Kwetu tulisema ni jirani, mama mmoja mtu mzima, tulisema amemuloga. Mama yangu aliacha kumsalimia.

Nikainua macho kumtafuta Furaha ng'ambo ya pili. Naye alikuwa ananitafuta mimi.

Tukarudi nyumbani. Akaweka kanga yake juu ya kiti, akasema, "Kwetu balikufa babili. Na kwenu?"

Nikamwambia, "Mumoja."

Miaka yote ile ya kulala kitanda kimoja, ndiyo siku tuliyoambiana.

Tulishuka Goma kupimwa. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko sisi, mpole, ana haraka lakini haonyeshi. Karatasi zikarudi. Mimi AS. Furaha AS.

Kwa wasiojua: AS si mgonjwa. Nimebeba magunia maisha yangu yote, sijawahi kulazwa. Lakini AS wawili wakizaa, mtoto anaweza kuchukua ile S ya baba na ile S ya mama, akawa SS.

Daktari alichora vyumba vinne kwenye karatasi. Kimoja mzima kabisa, yaani AA, viwili kama sisi, kimoja mgonjwa. Na mimi kwa akili zangu nikaona fromaje nne kwenye rafu, moja imeharibika, tatu nzima. Nikapata moyo.

Nikasema, "Docta, kama tunazaa mumoja tu, si tunaweza kupita?"

"Papa, haiko kusema mukizaa bane, mumoja njo atagonjwa. Kila mimba inaanzaka upya. Anaweza kuwa ule wa kwanza. Banaweza kuwa bote. Inaweza kuwa hakuna hata mumoja."

Furaha akauliza kama kuna dawa. Daktari akasema siku hizi watoto wengi wanakua, wanasoma, wanaoa, si kama zamani, mradi wafuatiliwe na daktari tangu wachanga, wapate dawa kila siku, na homa ikija wafike hospitali haraka.

Halafu akatuuliza, "Munakaa wapi?"

Tukamwambia. Akaweka kalamu chini. Anaijua barabara yetu. Mnajua barabara ikifungwa huku inaweza kufungwa wiki ngapi? Hata sisi hatujui.

Ngoja nikakate maziwa, yameshaganda. Narudi.

...

Nimerudi. Yametoka vizuri leo.

Niwaambie kuhusu yule mtoto.

Baada ya karatasi zile nilianza kumuona. Si usiku, wakuu, na sikunywa kitu. Ni mchana, zile dakika za kusubiri maziwa. Chumba kina joto, mvuke unapanda kwenye kioo, nje ukungu, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ananijia. Mtoto wa kike, wa miaka kama sita, anapanda njia ya kutoka bondeni na kibidoni cha maziwa, ninyi mngesema kidumu. Miguu mitupu ina tope. Anapanda bila kupumzika. Akifika karibu na mlango anabadilisha mkono, kibidoni kinahamia kushoto, na hapo anapotea.

Kila siku ni hivyo hivyo. Nilikuwa nawahi kazini ili nimuone. Nilijua ana mwanya, na kwamba haogopi mbwa. Nilianza hata kufikiria viatu vya kumnunulia.

Nikamwambia Furaha. Nilifikiri atafurahi. Alikuwa anaosha vitambaa vya fromaje, hakuinua kichwa.

"Ile mutoto wako wa ndoto haigonjwake. Njo maana unaipenda."

Iliniuma sana. Iliniuma kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Miezi ile ilikuwa migumu. Tulikuwa tunalala kama wageni waliokutana safarini. Kanisani wengine walituambia tuombe tu, tukaomba. Shangazi yangu akaja kutoka Nyabiondo na wazo lake kwamba nitafute mke mwingine, huyu wangu hajazaa, hakuna atakayenilaumu. Nilimsindikiza shangazi kwenye pikipiki mapema kuliko alivyopanga.

Kumbe Furaha alisikia. Jioni akaweka chakula, akasema bila hasira, "Enda utafute wa AA. Nitakuachilia muzuri."

Nikamwambia, "Miye nilikupenda ju yako, haikukuwa ju ya batoto." Nilisema kwa sauti ya ushujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nampenda yeye na nilikuwa namtaka yule wa kibidoni, wote wawili, na nilikuwa sijui nimuache nani.

Furaha akasema twende Karuba tukawaambie wazazi. Hawezi kuendelea kumtazama yule ndama.

Tulienda. Mzee alitupeleka moja kwa moja kwa Gaju, kama kawaida yake. Alikuwa si ndama tena, ni mtamba mkubwa, mgongo umenyooka. Mzee akaanza, "Gaju wa Bihogo, Bihogo wa Sine..."

Furaha akamkatiza. Binti hamkatizi baba yake hivyo kwetu. Akasema, "Papa, na sisi? Sisi tuko ba nani? Utaje na sisi."

Mzee akabaki na mkono kwenye mgongo wa ng'ombe.

Tulikaa pale pale kwenye majani, na mama mkwe akaitwa, na tukawaeleza zile karatasi. Mimi nilichora vyumba vinne kwenye udongo kwa kijiti. Mzee alielewa kabla sijamaliza, mambo ya damu kwake ni kazi. Akaniuliza swali moja tu, kama kilima cha mbali hakisaidii. Nikamwambia kwa ugonjwa huu hakisaidii, uko kwenye vilima vyote.

Mzee akawataja wale wawili waliokufa. Shukuru. Na Tumaini. Furaha aliniambia baadaye kwamba tangu azaliwe hajawahi kusikia baba yake akitamka majina yale.

"Tumaini alikuwaka analala na ndama," akasema. "Miguu ikimuuma anaenda kuegemea ndama, joto inamusaidia. Ndama anatulia. Miaka sita tu ile mutoto. Lakini mutu wa kucheka vile sikuone tena. Kama mungeniambia mbele ya kumuzaa, hata vile ningemuzaa."

Wakuu, nilimshukuru Mungu. Nilimuona yule wangu wa kibidoni anapanda. Nikamgeukia Furaha kumwambia kwa macho, umesikia?

Ni mama mkwe aliyejibu. Mama Furaha ni mtu wa maneno machache, sauti yake ni ya chini.

"Wewe ulikuwaka kwa ng'ombe. Ulikuwa unamuonaka akicheka. Miye njo nilikuwa namushika wakati analia. Aliniuliza, mama, ju ya nini ulinizaa na hii mifupa. Sikumujibu mpaka leo."

Mzee alishika kamba ya Gaju, akaifungua, akaifunga tena pale pale.

Tuliondoka mchana. Njiani mvua ikatushika, tukasimama chini ya bati la mtu, mimi, Furaha na pikipiki. Chini bonde lote limejaa ukungu, hata hujui kama kuna nyumba ao hakuna.

Furaha alinieleza jambo ambalo hata mama yake hajui. Alikuwa na miaka kumi na moja. Walikuwa wanampeleka Tumaini kwenye kituo cha afya kwa miguu, mama ametangulia na mzigo, yeye amembeba mgongoni. Tumaini akamuomba amuweke chini kidogo kwenye majani, kubebwa mgongoni kunamuumiza. Furaha aliogopa kuchelewa, akamwambia vumilia. Akaendelea kutembea. Tumaini alikufa siku ya pili yake, kituoni.

"Kuzaa siogope," akasema. "Naogopa kumubeba tena."

Mimi nilikuwa natazama bonde. Akaniuliza, taratibu, "Uko hapa ao ulishaenda?"

Nikamwambia, "Niko hapa."

Nilikuwepo kweli. Nikasema basi, hatuzai. Nililisema mimi, kwa mdomo wangu, asije akabeba na hilo peke yake. Halafu nikalia, mbele ya mwenye bati aliyekuwa ametoka kutuletea viti. Akarudi ndani na viti vyake.

Sikumuona tena yule mtoto kwa muda mrefu. Nilikuwa naamka, natia dawa kwenye maziwa, nakaa kwenye ndoo yangu, natazama njia. Njia tupu. Ninyi mnaosema mtu hawezi kuomboleza mtu ambaye hakuwepo, mimi niliomboleza.

Nilienda Nyabiondo kumueleza mama yangu pia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Kwa hiyo haikukuwa ule mama?" Nikamwambia haikuwa yeye. Akasimama, akajaza beseni maharage, akavuka njia kwenda kwa yule jirani. Alikaa huko mpaka maharage yetu wenyewe yakaungua jikoni. Sijui waliongea nini.

Sasa sikieni.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi, niko kazini, nikasikia Furaha ananiita kwa sauti ambayo siijui. Nikatoka.

Papa Furaha alikuwa anapanda njia ya bondeni, ile ile. Ametembea kutoka Karuba. Peke yake, bila nyimbo, bila wanawake wa kushangilia, amevaa koti la Jumapili na mabuti yenye tope. Nyuma yake, kwenye kamba, Gaju.

Furaha akamshukia njiani. Akamwambia, "Papa, hatujazaa. Hatutazaa. Huyu haiko wetu."

Mzee akaingia uani, akasimama mahali anaposimama mwenye kuleta ng'ombe wa mtoto. Akavua kofia.

"Huyu ni Gaju, mutoto wa Bihogo. Bihogo wa Sine." Akawataja wote, hakuruka hata mmoja, nasi tumesimama. Nilidhani amemaliza. Akamnyooshea Furaha mkono.

"Na huyu ni Furaha. Dada wa Shukuru. Dada wa Tumaini. Batoto bangu ni batatu. Ng'ombe anakuja kwa nyumba ya mutoto wangu, njo tu."

Majirani walikuwa wanasikia. Hajali.

Furaha alichukua kamba. Ndipo mzee akaomba chai.

Gaju yuko nyuma ya nyumba ninavyoandika. Ana mimba, Furaha anamkagua kila asubuhi kama mkunga. Wapo waliosema ng'ombe wa mtoto bila mtoto ni mkosi, na wapo wanaotuonea huruma kwa sauti kubwa. Tumezoea nusu. Nusu nyingine bado inauma, hasa kwenye ubatizo wa watu. Wiki iliyopita mtoto wa kike alipanda ile njia na kibidoni, nikainuka kwenye ndoo yangu. Alikuwa wa jirani, analeta maziwa. Nikampimia, nikamrudishia bidoni, akashuka.

Nilichojifunza ni kidogo. Pimeni damu kabla ya mahari, si baada. Msidanganywe na umbali wa vilima. Na siku wakwe wanapokutana, pamoja na kuuliza ukoo na dini, ulizeni watoto waliokufa. Waulizeni kwa majina yao.

Sisemi wote waamue kama sisi. Kungekuwa na hospitali chini ya kilima na barabara isiyofungwa, labda leo ningeandika uzi mwingine. Mzee mkwe wangu bado anaamini angemzaa Tumaini. Mama mkwe bado hajajibu.

Mwisho, kama humu kuna anayeishi na SS, tafadhali uzi huu usiusome kama hukumu. Wewe ndiye ninayetaka komenti yako kuliko wote. Niambie maisha yako yakoje, mazuri na mabaya, na kama ulishawahi kuwauliza wazazi wako lile swali la Tumaini. Neema hakuniambia kitu. Tulikaa naye miaka tisa na mimi sikuwahi kumuuliza chochote, ila kama anataka maji.

Nipo, nitasoma zote. Sufuria ya pili ndiyo kwanza nimeitia dawa.